Chiriku Havui Viatu

Jumapili, 20 Agosti

Kwa Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Chiriku, ambaye sasa hivi ameketi chini ya meza yangu ya kazi akipanga vizibo vya chupa kwa rangi zake. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limepunguza maneno. Mimi sijambo. Kikohozi kilichonisumbua wakati wa msiba kimekwisha. Umeshinda: yalikuwa mafusho ya rangi, hayakuwa baridi. Paka naye hajambo, amenenepa. Mlango wa jikoni bado unalia kila ukifunguliwa, na nimeuacha ulie, kwa sababu marehemu wifi yako alikuwa akisema ni heri mlango unaopiga kelele kuliko mume anayeingia kimya kimya.

Najua unangoja jibu, na najua hukuzoea kungojeshwa. Uliponiuliza kwa simu nilisema nitaandika, ukacheka, ukasema mimi hata neno ndiyo siwezi kulitamka bila kulipaka rangi ya chini kwanza. Ni kweli. Lakini jambo hili sikuliweza kwa simu, maana Chiriku alikuwa karibu, na mtoto ana masikio hata anapokuwa hana mdomo.

Nianze pale ulipotuacha. Siku ile unaondoka ulinikalisha jikoni ukaniambia, kwa upole wako ule unaokata kama wembe, kwamba mwanamume peke yake anaweza kulea mbuzi, anaweza kulea bustani, lakini mtoto wa kike mdogo vile anahitaji nyumba yenye watu. Ukasema shule zikifunguliwa tutajua. Mwalimu wa chekechea akimkubali, abaki nami. Akisema hayuko tayari, angoje mwaka mwingine, basi utakuja kumchukua angojee kwako. Mama yake, huko mbali anakofanya kazi, akasema watakachokubaliana wakubwa yeye amekubali. Nami nikakubali. Sikukubali kwa kinyongo, dada. Nilijitazama nikaona mchora mabango mzee, mtu wa ngazi na brashi, asiyejua hata gauni la mtoto linafungwa kwa mbele au kwa nyuma.

Wewe ulikaa nasi siku za msiba tu, na katika msiba watoto wote hunyamaza, kwa hiyo hukuona lililofuata. Unakumbuka jina la Chiriku alilipataje. Tangu alipoanza kutamka hakunyamaza. Alikuwa akizungumza na kijiko, na ndoo, na sabuni kabla haijamwingia machoni na baada ya kumwingia. Watu walipotawanyika nilingoja sauti ile irudi. Haikurudi. Alisema maji, alisema sitaki, alisema usiku mwema, basi. Na kitu kingine: akawa havui viatu. Vile vyeusi vya kufunga kwa kishikizo, alivaa akiamka, akala navyo, akacheza navyo, na usingizi wa mchana akalala navyo. Nikimvua akishasinzia, akiamka jambo la kwanza ni kuvitafuta. Nikasema ni tabia tu, itapita.

Mimi nikaona dawa yake ni shule. Na shule kwa mtu kama mimi ni nini kama si herufi? Nikatoa makopo yangu, nikaingia chumbani kwake asubuhi, na hadi jioni nilikuwa nimeuandika ukuta mzima, kutoka A mpaka Z, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kubwa kama za duka la dawa. Ni kazi nzuri, dada, sijisifu. Jirani alipochungulia aliuliza tunafungua biashara gani humo ndani. Kila asubuhi nikamsimamisha Chiriku mbele ya ukuta na fimbo yangu ya kupimia, nikimwambia hii ni nini, na hii ni nini. Alikuwa akitazama viatu vyake. Siku ya tatu au ya nne nilikuta amekigeuza kitanda, mto umehamia kwenye miguu, ili akilala asiuone ukuta.

Hapo ndipo alipokuja Mama Mkoba. Nadhani hukuonana naye. Alikuja msibani akakaa nyuma na akina mama wa mtaa. Jina lake tumempa kwa sababu ya kazi yake. Kwenye ukumbi wetu wa mtaa, ule ulio nyuma ya zahanati, kila Jumamosi kuna kipindi cha watoto wadogo ambao hawajaanza shule. Ukutani kuna misumari, na kwenye misumari mikoba ya kitambaa, na ndani ya kila mkoba kitabu kimoja cha picha. Mtoto anaondoka na mkoba wake, anasomewa nyumbani juma zima, Jumamosi anaurudisha na kuchukua mwingine. Pale ukumbini wanapiga makofi kwa kuhesabu silabi za majina yao, wanajifunza kufunga vifungo, kufungua kopo la chakula bila kumwita mama, kungoja zamu, kumwambia mtu kwaheri mlangoni bila kumshika mguu. Wakubwa wanaojitolea wanawasomea. Kinyozi wetu huja kusoma habari za simba, na inasemekana baadhi ya watoto sasa wanaogopa kunyolewa. Wifi yako ndiye aliyekuwa akimpeleka Chiriku. Mimi kazi yangu ilikuwa kwenda kuwachukua, na mara nyingi nilifika misumari imeshajaa na sakafu imeshafagiliwa.

Nilidhani Mama Mkoba amefuata mkoba wao, maana ulikuwa bado unaning'inia nyuma ya mlango na kitabu chake ndani, tangu juma lile. Nikaanza kuomba radhi. Akasema mkoba ule hauna haraka, amemfuata mtoto. Akaingia chumbani, akauona ukuta. Akaniambia maandishi yangu ni mazuri kuliko ya ubao wa zahanati, lakini herufi zitakuja zenyewe, nazo hazikufiwa na mtu. Akasema mtoto anayejua kukaa mapajani mwa mtu na kungoja ukurasa ugeuke ameshaanza kusoma. Huyu wako alishaanza, akasema, usimwanzishe upya. Mnyang'anye fimbo babu yake, mpe kiti.

Basi Jumamosi tukaenda. Pale mkeka unapoanza kila mtoto huvua viatu, anavipanga ukutani, anaingia. Chiriku alifika ukingoni akasimama. Aliambiwa avue, akatikisa kichwa. Mama Mkoba hakubishana naye. Akasema mkeka hauna mlango, ataingia akitaka. Chiriku akakaa kwenye saruji, nje kidogo ya mkeka, viatu miguuni, akiwatazama wenzake. Nami nikakaa naye, kwenye kiti cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu wa umri wake. Jumamosi zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Magoti yangu sasa ni ndugu wa goti lako.

Nyumbani nikaanza kumsomea kile kitabu cha kwenye mkoba. Ni hadithi ya Bata aliyewaalika wanyama wenzake kula kwake. Anakuja Sungura, anakuja Mbuzi, anakuja Nguruwe na wanawe, na mwisho kabisa anakuja Kobe. Nilisoma kama ninavyofanya kazi, neno kwa neno, kama lilivyoandikwa, maana mchora mabango anayeongeza lake hamalizi mwaka na wateja. Chiriku alikaa mapajani, akasikiliza. Tukifika ukurasa wa Kobe, ananyoosha mkono na kukifunga kitabu. Kila siku. Nilidhani hadithi imemchosha. Nilipomwomba Mama Mkoba atupe kitabu kingine, Chiriku aliukumbatia mkoba ule kwa mikono miwili, na kukawa hakuna mjadala tena.

Ukurasa wenyewe umeandikwa hivi: Kobe alifika wa mwisho. Sufuria zilikuwa tupu. Kobe akarudi nyumbani na njaa. Ni mafunzo ya kuwahi. Sikuupenda ukurasa ule hata mimi, dada, na wewe unajua kwa nini. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisubiri njiani tukienda shule, ukinitupia vijiwe nitembee haraka. Wifi yako alikuja kukuta tabia imeshakomaa, akaipa jina tu. Kwake nilikuwa Kobe tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Na unajua kwamba siku ile sikuwahi. Nilikuwa juu ya ngazi, simu iko kwenye mfuko wa zana chini, na nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunika. Hakuna aliyenilaumu. Wewe ulinishika mkono wenye rangi ukaniosha mwenyewe kwenye beseni, kama zamani. Lakini kuna lawama ambayo haihitaji msemaji.

Sasa nifike kwenye jana. Mwalimu wa chekechea alikuwa anakuja ukumbini kuwaona watoto kabla shule hazijafunguliwa. Alitutangulizia neno kwamba huo si mtihani, na wazazi wote wakaitikia huku wakiwapaka watoto mafuta kama wanaokwenda mtihani. Alichotaka ni kuona mtoto anatundika mkoba wake, anaingia na wenzake kwenye mkeka, na anamsomea kitabu mtu aliyemleta. Kusoma kwa picha, si kwa herufi. Na akaeleza waziwazi kwamba mtoto atakayekataa kuingia na kukataa kusema atashauri angoje mwaka ujao, kwa faida yake mwenyewe. Kwangu maneno hayo yalikuwa na maana moja, dada: wewe stendi, na sanduku dogo pembeni yako.

Pale kuna sheria moja tu kwa anayesomewa. Anaitwa msikilizaji, na msikilizaji hasahihishi. Mtoto akisema tembo ni ng'ombe, ni ng'ombe. Mama Mkoba alitukumbusha huku akinitazama mimi.

Wenzake walivua viatu wakaingia. Chiriku akatundika mkoba, akatoa kitabu, akaja mpaka ukingo wa mkeka, akakaa na viatu vyake. Nikakaa karibu naye. Mwalimu wa chekechea akavuta kiti kando, akakaa mikono mapajani. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa kimya. Ndipo Chiriku akafungua kitabu, akalamba kidole, akasema, "Haya, tugeuze."

Dada, nilitaka kugeuka nyuma. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema wifi yako, akishalamba kidole, kabla ya kila ukurasa, awe anasoma kitabu au anapekua picha za zamani. Na yaliyofuata hayakuwa kwenye kitabu. Sungura alifika na kofia aliyoiazima kwa kinyozi. Mbuzi aliuliza kama kuna pilipili, akaambiwa pilipili ipo ila adabu ndiyo haipo. Nguruwe aliwaambia wanawe wakae vizuri wasije wakadhaniwa nguruwe. Yote kwa sauti ile ndogo iliyokuwa imefunga duka tangu msiba, na ndani yake sauti ya mwingine, hata pale alipokuwa akivuta pumzi kabla ya kichekesho. Tulipofika ukurasa wa Kobe niliangalia mikono yake, nikijua atakifunga kitabu. Akalamba kidole, akageuza.

"Kobe akafika," akasoma. "Ana rangi mikononi. Akasema nisameheni, nilikuwa juu ya ngazi. Bata akamwambia hukuchelewa, Kobe. Sisi ndio tuliowahi. Keti."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, si kwa kusahihisha, ila sijui kwa nini, na nikamwona Mama Mkoba ng'ambo ya mkeka ameweka kiganja mdomoni pake. Nikaufunga. Kumbe mtoto hakuwa amechoka na hadithi. Kila siku nilikuwa nikimsomea mwisho wa uongo, naye akikifunga kitabu ili Kobe asirudishwe nyumbani na njaa.

Chiriku hakunitazama. Alitazama viatu vyake akauliza, "Babu, na mimi?"

Sikumwelewa. Akanieleza, kwa maneno machache machache, kwamba siku ile Bibi alipokuwa anaingizwa kwenye gari alimwambia avae viatu waende. Akavitafuta. Kimoja kilikuwa chini ya kitanda. Alipotoka navyo gari limeshaondoka.

Mimi miezi yote hii nilikuwa nikidhani ndani ya nyumba ile kuna mtu mmoja aliyechelewa. Tulikuwa wawili, tukila meza moja. Mwenzangu alikuwa amevaa viatu vyake tayari, mchana kutwa, ili gari likija tena lisimwache.

Nikamwambia, "Hukuchelewa. Bibi ndiye aliyewahi."

Akalifikiria neno lile, kama anavyofikiria rangi ya peremende kabla hajaichukua. Halafu akainama akafungua kishikizo. Cha pili kilikuwa kigumu, akanyoosha mguu nimsaidie. Akavipanga ukutani, akarudi kuvinyoosha vilingane, akaingia kwenye mkeka akakaa kati ya wenzake. Mwalimu wa chekechea alipomuuliza jina lake alimpa lake, na langu, na la paka, kisha akamwarifu kwamba gauni lake limefungwa kwa nyuma ilhali vifungo vilitakiwa viwe mbele, na kwamba ni kosa la babu. Mwalimu akacheka, akasema huyu yuko tayari, na mimi nikaambiwa nitazoea. Njiani kurudi nyumbani sikupata nafasi hata ya kukohoa.

Kabla hatujatoka nilimuuliza Mama Mkoba kama wifi yako alianza kuusoma ukurasa ule hivyo alipougua. Nilitaka kujua kama aliniachia neno. Akasema hapana. Ilikuwa zamani, bado mzima, Jumamosi ya kwanza waliyokichukua kitabu hicho. Alikuwa akimsomea Chiriku pale ukumbini, akafika kwa Kobe, na wakati ule ule mimi nikatokea mlangoni, nimechelewa, nina rangi mpaka kwenye viwiko. Akaubadilisha ukurasa hapo hapo, ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikadhani wanacheka suruali yangu. Kwa hiyo hakuwa ananiaga, dada. Alikuwa akinitania. Na sijui nikueleze vipi, lakini hilo limenipa nafuu kuliko kama angeniaga.

Sasa niseme ambalo nimelizunguka tangu nianze kuandika. Jana asubuhi, kabla hatujaenda ukumbini, nilikuwa nimeshafunga nguo zake. Kila kitu: magauni, sweta uliyomfumia, chanuo, hata vizibo. Sanduku lilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nilijiambia safari hii nisichelewe, nimkabidhi kwa anayeweza kabla sijamharibu. Hukunishinikiza, wala usidhani nakutupia lawama. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa sijawa tayari, si mtoto. Chiriku aliliona tuliporudi, akauliza nani anasafiri. Nikamwambia hakuna. Akalifungua akatoa vizibo vyake, akaniachia mimi nguo nizirudishe kabatini, na nimezirudisha. Zimekaa ovyo, lakini zimekaa.

Kwa hiyo jibu langu, dada, ni kwamba naomba Chiriku abaki. Najua ulikuwa umeshampangia chumba kile cha dirisha kubwa; mama yake aliniambia ulishashona na mapazia. Ninajua nyumba yako ilivyo kimya tangu watoto wako wahame, na kwamba hukumtaka kwa ajili yangu peke yangu. Usiyatoe mapazia. Shule zikifungwa nitamleta mwenyewe, akae likizo nzima, na utaniomba nimchukue mapema. Kabla ya hapo, goti likiruhusu, njoo Jumamosi moja. Mama Mkoba amenipa msumari wangu: nitakuwa nikienda kusomea watoto, na amenionya nisije na fimbo. Chiriku anataka kukusomea kitabu cha Bata. Utakuwa msikilizaji, na msikilizaji hasahihishi. Nakujua, utapata tabu.

Ukuta wa chumbani nimemuuliza Chiriku kama niufute. Amesema niache, ila nimchoree Kobe chini ya K. Leo nimechora. Amekagua, amesema mikono haina rangi, nikamrekebisha.

Wasalimie majirani wote hapo, na yule fundi cherehani wa mapazia. Mwambie daktari wako goti si lake, ni letu sote. Shule inafunguliwa Jumatatu ya juma lijalo, na milango yao inafunguliwa saa mbili asubuhi. Ukiwa na kikombe chako cha chai saa hiyo, dada, utukumbuke: mmoja anaingia, na mmoja anabaki mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Kobe